Wazee Wakae, Watoto Wacheze: Somo Juu ya Ndoto ya Usharika

Masomo: Zekaria 8:1–23, Mwanzo 41:25–49, Nehemia 2:11–18
Muda: vikao vinne, au semina ya siku moja
Walengwa: kamati za parokia na sharika, viongozi wa jumuiya, pamoja na wafadhili wanaoshirikiana nasi



 Robo hii tunawaletea somo la kujifunza pamoja kuhusu matumaini na ndoto za usharika. Neno usharika tunalitumia kwa maana pana: liwe parokia, kigango, mtaa au kanisa la mahali, kila mmoja alisome kwa jina analolitumia kwake.

Lengo la somo ni moja. Mwisho wa vikao hivi, kila kamati iwe imeandika ndoto moja ya usharika wake, yenye walinzi, yenye kipimo, na itakayoendelea kuwafaa watu hata siku ambayo dhahabu itakuwa imekwisha.

UTANGULIZI

Ukiwauliza wanakamati wa kanisa lolote, kuanzia Shinyanga mjini hadi Katoro, "Mnatamani usharika wenu uweje baada ya miaka kumi?", majibu ya kwanza hufanana. Watataja kanisa la matofali ya kuchoma, mabati ya rangi, vyombo vya muziki, nyumba ya mchungaji au padri, na pikipiki ya katekista au mwinjilisti. Hakuna ubaya wowote katika majibu hayo. Aliyewahi kusali chini ya turubai wakati wa masika anajua thamani ya paa.

Lakini jengo ni chombo, na chombo huulizwa kazi yake. Jengo likishakamilika, ni nani hapa kijijini atakayelala salama zaidi kwa sababu lipo? Ni mtoto gani atakayekuwa darasani badala ya kuwa machimboni? Kamati isiyo na jibu la maswali hayo ina mchoro wa jengo, bado haina ndoto ya usharika.

1. NABII ALIONA NINI?

Nabii Zekaria alihubiri Yerusalemu karibu miaka ya 520 hadi 518 kabla ya Kristo. Watu walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni Babeli. Mji ulikuwa na magofu mengi, na ujenzi wa hekalu ulikuwa ukiendelea kwa shida. Sura ya 8, aya ya 10, inatukumbusha hali ilivyokuwa kabla ya hapo: hapakuwa na ujira kwa mtu wala kwa mnyama, msafiri hakuwa na usalama, na majirani walikuwa wameinukiana wao kwa wao. Msomaji wa Kanda ya Ziwa hahitaji kuelezwa sana maana ya maneno hayo.

Kwa kuwa hekalu lilikuwa linajengwa, tungetarajia nabii aeleze ukubwa wa nguzo zake na uzuri wa madhabahu yake. Hekalu analitaja, na anawatia moyo wajenzi. Lakini anapotaka kuonesha jinsi mji uliobarikiwa unavyofanana, katika aya ya 4 na ya 5, anawapeleka wasikilizaji njiani. Huko wamekaa wazee wa kiume na wa kike, kila mmoja na mkongojo wake kwa sababu ya wingi wa siku zake. Na njia hizo hizo zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza.

Ni picha ndogo yenye mambo mengi ndani yake. Mzee akifikia umri wa kushika mkongojo, maana yake hakuuawa, hakufukuzwa, wala hakufa njaa. Mtoto akicheza njiani, maana yake hakutumwa kazi ya hatari, ameshiba kiasi cha kukimbia, na hakuna mtu wa kumwogopa. Kwa hiyo nabii anatupa kipimo cha ndoto ya usharika: tazameni wazee wenu na watoto wenu.

Tukikitumia kipimo hicho hapa kwetu, tutakuta kinagusa mahali panapouma.

2. WAZEE WAKAE

Katika miaka ya 1990 na 2000, Shinyanga na mikoa jirani ilijulikana nchi nzima kwa mauaji ya vikongwe, wengi wao wanawake waliotuhumiwa uchawi. Mtoto ameugua, ng'ombe wamekufa, au mume amefariki ghafla. Familia inakwenda kwa mpiga ramli, naye anaelekeza kidole kwa bibi wa jirani. Wakati mwingine nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo mtu analitamani. Kisha usiku wanakuja wakata mapanga. Na mara nyingi ushahidi uliotajwa dhidi ya bibi huyo ulikuwa macho mekundu.

Macho hayo yana historia. Sehemu kubwa ya Usukuma miti ilikwisha, na mama asiye na kuni hupikia mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Mtu aliyeinama juu ya moshi huo miaka hamsini, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la kutosha, macho yake yatakuwaje? Bibi aliwapikia watoto na wajukuu maisha yake yote, kisha alama ya utumishi wake ikageuzwa kuwa hati ya kifo chake. Ndiyo maana mashirika yanayotetea wazee katika Usukuma yalifundisha ujenzi wa majiko sanifu yanayopunguza moshi. Jiko la udongo ni ulinzi wa uhai.

Sasa tusome Zekaria 8:16–17. Baada ya ahadi, nabii anataja wajibu wa watu: kusema kweli na jirani, kuhukumu kwa haki, kutowaziana mabaya moyoni, na kutopenda kiapo cha uongo. Maagizo haya yanagusa moja kwa moja tuhuma za uchawi. Wazee hawatakaa kwa amani kwa sababu tumeimba vizuri. Watakaa kwa amani pale ambapo hakuna mwanausharika anayekwenda kwa mpiga ramli kutafuta jina la jirani yake, na pale ambapo kiongozi akisikia mnong'ono dhidi ya bibi fulani hanyamazi.

Usharika unaweza kufanya nini? Jumuiya inaweza kuwa na orodha ya wazee wanaoishi peke yao na zamu ya kuwatembelea kila wiki. Akina mama wanaweza kujenga jiko sanifu kwa kila mzee. Viongozi wanaweza kufundisha wazi, tena mara kwa mara, kwamba macho mekundu ni jambo la kupelekwa zahanati na si kwa mpiga ramli. Na tuhuma ikisikika, taarifa ifike kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi siku hiyo hiyo, wala isingoje kikao cha mwisho wa mwezi.

3. WATOTO WACHEZE

Mwezi Agosti 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu nchini Tanzania. Ilieleza kwamba watoto, wengine wenye umri wa miaka minane tu, walikuwa wakichimba, wakibeba mawe, wakiponda na kushika zebaki. Wakazi wa Geita na Kahama hawakuhitaji taarifa hiyo ili kujua. Walikuwa wakiwaona watoto hao wakipita na mifuko ya mawe saa za shule.

Zebaki ina hatari isiyoonekana. Mchimbaji huichanganya na mchanga uliosagwa ili ikamate dhahabu, kisha huchoma donge lile ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Inayopaa huingia mapafuni mwa aliye karibu. Hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto na kwa mimba. Pale donge linapochomwa jikoni nyumbani, familia nzima inavuta sumu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inahesabu uchimbaji wa madini kuwa kazi ya hatari isiyoruhusiwa kwa mtoto. Lakini sheria bila majirani wanaoijali hubaki kwenye karatasi.

Kuna watoto wengine ambao hatuwezi kuwaruka. Kuanzia mwaka 2007 hivi, mauaji ya watu wenye ualbino yalitikisa Kanda ya Ziwa. Waganga waliwadanganya watafuta utajiri, wakiwamo baadhi ya wachimbaji na wavuvi, kwamba viungo vya ndugu zetu hao vinaleta bahati. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwatia hatiani watu watatu kwa mauaji ya mvulana mwenye ualbino kutoka Bukombe. Watoto wengi waliondolewa vijijini wakapelekwa kwenye vituo kama Buhangija, Shinyanga, ili walindwe.

Tunawashukuru wote waliowapokea watoto hao. Hata hivyo, mtoto anayelindwa nyuma ya ukuta, mbali na mama yake, bado hachezi katika njia ya kijiji chake. Ndoto ya usharika inapaswa kuuliza: mtoto huyo akirudi nyumbani kwetu leo, nani atatembea naye kwenda shule? Nani atahakikisha ana kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kumkinga na jua? Na tumewafundisha nini vijana wetu kuhusu bahati na utajiri?

4. WAGENI WAPOKELEWE

Mwishoni mwa sura (aya ya 20–23) nabii anaona watu wa miji mingi na lugha nyingi wakija, wakishika vazi la mwenyeji na kuomba kwenda pamoja naye. Sharika za ukanda wa dhahabu zinaielewa picha hii. Rashi ikitokea, iwe Nyarugusu, Lwamgasa au Mwakitolyo, watu hufika kutoka kila kona ya nchi. Kanisa lililokuwa na watu arobaini linajaa hadi nje. Miezi michache baadaye habari za eneo jingine zinasikika, na mabenchi yanabaki matupu.

Kamati nyingi huwaona watu hawa kama neema ya sadaka. Mwenye duara akipata mzigo mzuri, ananunua spika au anamalizia lenta. Ni vyema kumshukuru. Lakini je, tunajua jina lake kamili? Tunajua alikotoka, na nani wa kupigiwa simu akipata ajali?

Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Nyuma ya kila mchimbaji kuna nyumba inayosubiri habari. Usharika wenye daftari la wageni, linaloandika jina, kijiji cha nyumbani, kanisa alilotoka na namba ya ndugu, unafanya kazi ya kichungaji ambayo hata kampuni kubwa haiwezi kuifanya kwa mchimbaji mdogo. Na anapohama, apewe barua ya utambulisho ili asipotee njiani. Mgeni aliyefahamika kwa jina lake ni vigumu kugeuka kuwa mtu wa kudhuru wenyeji, na ni vigumu pia kudhurika bila mtu kujua.

5. DHAHABU HUISHA

Hapa tuseme jambo ambalo kamati nyingi hazipendi kulisikia. Kila mgodi una mwisho.

Geita inajua jambo hili kwa uzoefu. Dhahabu yake ilichimbwa kwa wingi tangu enzi za ukoloni, katika miaka ya 1930, na mgodi ukafungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Kati ya kufungwa na kufunguliwa ilipita miaka 34. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mgodi ulipofungwa alikuwa na miaka 44 ulipofunguliwa tena. Alikuwa ameoa, amelea na pengine ameanza kupata wajukuu, bila mshahara wa mgodi. Huko Kahama, mgodi wa Buzwagi ulianza mwaka 2009 na ukamaliza uzalishaji mwaka 2021. Ni miaka 12 tu: mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza hakuwa amemaliza darasa la saba.

Kanisa lilikuwepo kabla ya migodi hii. Jimbo Katoliki la Shinyanga lina jina hilo tangu mwaka 1956, la Kahama lilianzishwa mwaka 1983 na la Geita mwaka 1984. Wamisionari wa Africa Inland Mission walishika kituo cha Nassa tangu mwaka 1909, na hospitali ya Kolandoto ni tunda la kazi yao. Migodi mikubwa ya sasa ilikuja baadaye, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001. Kama kanisa lilikuwepo kabla, ni lazima lijiandae kuwepo baadaye.

Mwanzo 41 inatuonesha namna. Yusufu alipotafsiri ndoto ya Farao hakuishia kwenye tafsiri. Alipendekeza mpango: sehemu ya tano ya mazao ya miaka saba ya shibe iwekwe akiba kwa ajili ya miaka saba ya njaa, tena chini ya wasimamizi waliochaguliwa. Ndoto ilipata ghala, kipimo na watu wa kuwajibika.

Tunapendekeza kila kamati ijadili kanuni mbili. Ya kwanza: sehemu ya tano ya kila mchango mkubwa unaotokana na dhahabu isiliwe na ujenzi, bali iwekwe benki kwa ajili ya shabaha za ndoto yenu. Ya pili: matumizi ya kawaida ya usharika, kama posho ya mwinjilisti na mafuta ya pikipiki, yategemee matoleo madogo ya walio wengi, yaani ya mkulima wa mpunga na pamba, mfugaji na mama wa gengeni. Mia tano za watu wengi haziwezi kuhama kwa siku moja. Milioni ya mtu mmoja inaweza.

6. TUJIFUNZE KWA NGITILI

Je, ndoto hulindwaje? Tunaamini Mungu ameweka mwalimu karibu nasi, tena wa hapa hapa Usukumani.

Msukuma wa zamani alitenga kipande cha ardhi akakiita ngitili. Mvua zinapoanza hukifunga, mifugo isiingie. Majani hukua, miti huchipua. Kiangazi kikikaza, wakati majani yamekwisha kila mahali, hukifungua na ng'ombe wanapona. Desturi hii ilidhoofika. Miti ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na kuhamia vijijini katika miaka ya 1970 kuliwaacha wengi mbali na ngitili zao. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 hali ilikuwa mbaya kiasi cha Shinyanga kuitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali, kwa msaada wa Norway, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Mwanzoni nguvu nyingi ziliwekwa kwenye vitalu na ugawaji wa miche. Baadaye ikaonekana kwamba wananchi wenyewe walikuwa na njia bora zaidi, yaani ngitili. Hazikuhitaji miche mingi, kwa sababu mizizi na mbegu zilikuwa bado hai ardhini. Zilihitaji mpaka, muda na ulinzi. Kabla mradi haujamalizika mwaka 2004, eneo la ngitili lilikuwa limeongezeka kutoka mamia ya hekta hadi zaidi ya hekta 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Kuni zilirudi karibu, na baadhi ya vijiji vilitumia mapato ya ngitili za jumuiya kwa ajili ya shule. Tukumbuke yale ya sehemu ya pili: kuni njema zikipatikana, moshi wa kinyesi cha ng'ombe hupungua, na macho ya bibi hupona.

Tunapata mafundisho manne:

(a) Anzeni na mizizi iliyopo. Kabla ya kuomba kitu nje, ulizeni ni jambo gani jema linaloishi tayari katika usharika wenu. Pengine kuna akina mama wanaowapelekea wazee maji, au mwalimu anayefundisha watoto jioni bila malipo. Hiyo ndiyo mizizi. Iwekeeni mpaka.

(b) Wekeni sheria ndogo. Ngitili zililindwa na dagashida, yaani baraza la jadi la wananchi, na sungusungu wakasimamia. Aliyeingiza ng'ombe wake alitozwa faini. Ndoto isiyo na sheria italiwa na dharura ya kwanza.

(c) Walinzi nao waangaliwe. Sungusungu waliosifiwa kwa kukomesha wizi wa mifugo waliwahi pia kulaumiwa kwa kuwatesa watu waliotuhumiwa uchawi. Kamati isijilinde yenyewe. Hesabu zisomwe mbele ya wote, na wazee na vijana wawe na sauti.

(d) Ulizeni nani anakula. Katika baadhi ya vijiji, mwenye ardhi kubwa alinufaika na ngitili kuliko maskini asiye na ardhi. Ndoto ya usharika nayo inaweza kuwanufaisha wenye viti vya mbele peke yao.

7. JINSI YA KUANDIKA NDOTO YENU

Kikao cha kwanza: Tembeeni. Nehemia alipofika Yerusalemu hakuanza na hotuba. Alizunguka kuta usiku, akaona palipobomoka, ndipo akasema na watu. Kamati igawanyike wawili wawili, itembelee wazee, shule, makarasha na mahali wanapolala wageni. Mwende kusikiliza, msiahidi chochote.

Kikao cha pili: Hesabuni. Andikeni kwenye daftari: wazee wangapi wanaishi peke yao? Watoto wangapi wa waumini wetu hawakuwa shuleni wiki iliyopita? Wageni wangapi waliosali nasi hatujui majina yao? Hii ni hesabu yenu wenyewe, na itakuwa kipimo chenu.

Kikao cha tatu: Chagueni ndoto moja. Iandikwe kwa sentensi ambayo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuisoma na kuielewa. Kwa mfano: "Kila mzee wa mtaa wetu ana jiko lisilo na moshi na mtu wa kumtembelea kila wiki." Au: "Hakuna mtoto wa jumuiya yetu aliye machimboni saa za shule." Ndoto nyingine zisubiri. Kwa mtoto aliye machimboni, msiishie kumkemea mzazi. Ulizeni ni kiasi gani anachopeleka nyumbani, na kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kuzibaje pengo hilo.

Kikao cha nne: Wekeni walinzi. Chagueni watu watatu, angalau mmoja mwanamke na mmoja kijana. Pangeni fedha itoke wapi, lini itasomwa, na ni siku gani mtarudia hesabu ya kikao cha pili. Karatasi ya ndoto ibandikwe ukutani kanisani pamoja na namba zake, hata kama namba hizo zinatia aibu.

8. NENO KWA WAFADHILI WETU

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Tunaomba mtusaidie kwa maswali yenu pia. Mnapopokea ombi la mabati, ulizeni kuhusu karatasi iliyobandikwa ukutani. Usharika uliotembea, ukahesabu na kuchagua utakuwa na jibu. Usharika ambao bado haujafanya hivyo usinyimwe; upewe kwanza muda na mwezeshaji wa kuusindikiza katika vikao hivi vinne.

Tunaomba pia uvumilivu. Ngitili haifunguliwi mwezi baada ya kufungwa. Usalama wa bibi mmoja haupigwi picha kwa urahisi kama kisima kipya, kwa sababu ni jambo baya ambalo halikutokea. Taarifa zetu zitakuwa na mistari kama hii: "Mwaka huu wazee wote kumi na wanane wa mtaa wanaishi." Tunawasihi muisome mistari hiyo kama mavuno.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika usharika wetu, mzee gani anaogopa usiku? Nani miongoni mwetu anajua, na kwa nini amenyamaza?
2. Kama mgodi au machimbo ya karibu yangefungwa mwaka ujao, ni kazi gani ya usharika ingesimama mara moja? Ipi ingeendelea?
3. Je, tumewahi kupokea sadaka bila kuuliza kama ilitoka kwenye kazi ya mtoto?
4. Ni jambo gani jema linaloishi tayari kati yetu ambalo linahitaji mpaka na ulinzi tu?
5. Vijana wetu wakiulizwa ndoto zao kwa usharika huu, watasema nini? Tumewauliza lini mara ya mwisho?

SALA YA KUFUNGA KIKAO

Ee Mungu wetu, uliyewaahidi waliorudi uhamishoni njia zenye wazee na watoto, utupe nasi kuiona ahadi hiyo katika mitaa yetu. Utuondolee hofu inayotufanya tumwogope jirani, na tamaa inayotufanya tumsahau mtoto. Utupe akili ya kuweka akiba wakati wa shibe, na subira ya kungoja majani yakue. Walio chini ya ardhi leo wakitafuta riziki, uwarudishe salama nyumbani kwao. Amina.

Kamati zitakazokamilisha vikao vinne zinaombwa kututumia nakala ya karatasi yao ya ndoto pamoja na hesabu ya mwanzo. Baada ya mwaka tutaomba hesabu ya pili, ili tujifunze sote kwa pamoja palipochipua na palipokauka.